Kompyuta za Kipande Kimoja za Bei Nafuu: Lawama Zielekezwe Wapi

Wahakiki wa vifaa wameweka akiba ya ukali kwa ajili ya kompyuta za kipande kimoja za bei ya chini, zile ambazo mazabodi, diski na spika vimejificha nyuma ya kioo na mezani huonekana skrini, kibodi na kipanya tu. Aya ya pili haijaisha umekwishaambiwa kwamba mashine ni goigoi, prosesa yake imeazimwa kutoka kwenye laptopu, spika zinakwaruza, na kwamba kwa fedha hizohizo ungepata boksi la kawaida lenye nguvu maradufu. Mengi kati ya hayo ni kweli. Hata hivyo ukali huo huangukia mahali rahisi kupima na kuliacha kosa lenyewe likipita salama. Mashine ya aina hii imefunga pamoja vitu ambavyo havizeeki kwa mwendo mmoja. Anayetaka kuihukumu kwa haki aanze na fundo hilo: limefungwaje, na mwenye mashine ameachiwa njia gani ya kulifungua.

Kioo kizuri hutumika miaka kumi bila kumsumbua mtu. Prosesa nayo haifi mapema, ila programu huikimbia. Kila mwaka tovuti huwa nzito zaidi nayo iko palepale. Diski yenye sahani zinazozunguka, feni na adapta ndivyo vinavyoondoka kwanza. Katika kompyuta ya boksi kila kimoja hufa kifo chake, kikabadilishwa, na vingine vikaendelea. Katika kipande kimoja kilichofungwa vibaya, chenye umri mfupi kuliko vyote huwazika wenzake. Ushahidi tumeuona. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikisha mwisho huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inadai kinga ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kwa sehemu kubwa kizazi cha nane kwenda juu. Ofisi iliyokuwa na maboksi ya 2016 iliweza kubadilisha maboksi na kubaki na vioo vyake. Ofisi jirani yenye kompyuta za kipande kimoja za mwaka huohuo, ikitaka kubaki ndani ya masharti ya Windows, ilikuta inaondoa vioo vizima kabisa kwa sababu ya chipu iliyokaa nyuma yake.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ndiyo asili ya mashine hizi, na anayeikubali aikubali yote. Historia haikubaliani nao. iMac G5 ya 2004 ilifunguka mgongo kwa skrubu tatu, na Apple yenyewe ilimruhusu mnunuzi kubadilisha RAM, diski na hata kifaa cha umeme. Kampuni ileile, kuanzia iMac ya mwishoni mwa 2012, ilikibandika kioo kwa gundi. Ilipotoa iMac ya bei nafuu Juni 2014, kwa dola 1,099, lawama zilirundikana juu ya prosesa: viini viwili vya 1.4 GHz, chipu ya MacBook Air, wakati kwa kuongeza dola 200 ungepata viini vinne. Lawama hizo zilikuwa na hoja, lakini mtu wa barua, majedwali na intaneti asingeiona tofauti hiyo kila siku. Jambo zito lilikuwa RAM ya 8 GB iliyolehemiwa kwenye bodi, kwa hiyo uamuzi uliofanywa siku ya kununua haukuweza kurekebishwa milele. Kisha ikaja iMac ya inchi 21.5 ya 2019: kioo cha pikseli 4096 kwa 2304, kizuri kupita kiasi, kimefungiwa na diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika katika mashine ya dola 1,299. Hapo wahakiki walifoka, na safari hii walilenga shabaha. Apple iliifanya SSD, hifadhi isiyo na sahani inayozunguka, kuwa ya kawaida katika matoleo yote ya ukubwa huo Agosti 2020.

Basi mnunuzi aanze na kioo, maana ndicho kitakachobaki naye na ndicho asichoweza kukibadilisha. Asisome kwanza ukubwa wa inchi. Asimame, akae, ainame, asogee pembeni. Kioo cha TN kikitazamwa kutoka chini hugeuza rangi, nyeusi ikawa kijivu na sura za watu zikawa kama picha ya negativu. Kwa mtu mmoja aliyekaa mbele yake huvumilika, lakini kompyuta hizi huwekwa mapokezi ya hoteli, dirisha la duka la dawa, sebuleni penye watoto watatu, mahali ambapo karibu kila mtu huangalia kwa upande. Kioo cha IPS, kisichogeuza rangi hivyo, kwa matumizi hayo si anasa. Halafu zitazamwe pikseli. 1920 kwa 1080 kwenye inchi 21.5 hutoa takriban pikseli 102 kwa kila inchi, na herufi hutulia. Pikseli zilezile zikitandazwa kwenye inchi 27 hubaki kama 82, na msomaji wa hati ndefu atajua kwa macho yake. Ndiyo maana kioo kidogo cha bei nafuu mara nyingi kina heshima kuliko kikubwa cha bei nafuu. Stendi pia ihesabiwe sehemu ya kioo: nyingi huinama tu bila kupanda, ndipo utaona mashine nyingi zimekalia rimu ya karatasi.

Diski inahitaji hukumu fupi na kali. Sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 11, na kwa wastani data husubiriwa nusu mzunguko, kabla hata hujahesabu safari ya kichwa cha kusomea. Mfumo wa leo huomba vipande vidogo maelfu unapowaka, na kila ombi hupanga foleni. SSD ya bei ya chini kabisa hujibu kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Mtengenezaji anayeandika 1 TB kwa herufi kubwa kwenye katoni na kuficha kwamba ni sahani anastahili kila neno baya aliloandikiwa, kwa kuwa anajua tarakimu kubwa humvuta mnunuzi asiyejua.

Kwenye prosesa na RAM ndipo huruma inahitajika, na ndipo wahakiki huizuia. Asus Eee Top ya mwishoni mwa 2008 ilikuwa na Atom N270 ya kiini kimoja na RAM ya GB 1, ikabebeshwa kioo cha kugusa. Kuiita dhaifu ilikuwa haki, maana ilishindwa kazi ileile iliyotangazwa kuifanya. Leo hali si hiyo. Chipu ya Intel N100 ya 2023 ina viini vinne na hula umeme mdogo sana, na kazi za kaunta, darasa na barua huzimudu. Kuipima kwa michezo au kuhariri video ni kumpa mpishi wa chai mtihani wa karamu ya harusi. Celeron N4020 yenye viini viwili, iliyoendelea kuuzwa miaka mingi baada ya 2019, ni habari nyingine: ikikutana na RAM ya 4 GB, kiwango kilekile cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakikubali, mnunuzi ameuziwa mashine iliyofika mwisho kabla ya kuanza. Swali la kumuuliza muuzaji ni kama RAM imechomekwa au imelehemiwa. GB 8 zenye nafasi tupu ya kuongezea zinapita GB 8 zilizolehemiwa, hata kama siku ya kwanza kasi yake ni moja.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la mwenye fedha kidogo: ukali huu ni starehe ya waliojaliwa, na asiye na uwezo wa kuchagua hana haja ya mhakiki. Mambo ni kinyume. Mwenye uwezo akikosea hununua nyingine mwakani. Aliyejinyima ataishi na kosa lake miaka minane. Yeye ndiye anayehitaji maneno makali, mradi yailinganishe mashine na kile ambacho fedha yake inaweza kununua kweli. Kwake mshindani ni boksi la ofisi lililotumika ughaibuni, lenye kioo chake pembeni, ambalo Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi halikosekani, au laptopu iliyotumika. Dhidi ya boksi, kipande kimoja kinashinda kwa nafasi, kwa uchache wa nyaya, na kwa umeme: adapta yake mara nyingi ni ya wati 65 au 90, hivyo UPS ndogo hukibeba muda mrefu kuliko inavyobeba boksi na kioo. Dhidi ya laptopu, kinapoteza pale umeme unapokatika, kwa kuwa hakina betri yake, na hilo kwa mahali penye mgao si dosari ndogo. Mapitio yaliyoandikwa London hayawezi kuliona.

Wahakiki wengine hujitetea kwamba mhakiki hukaa na mashine wiki moja au mbili tu, hawezi kuhukumu mwaka wa sita. Lakini mwaka wa sita umeandikwa ndani ya mashine tangu siku ya kwanza, na kuusoma ni kazi ya saa moja yenye bisibisi. Je, mgongo hutoka kwa skrubu au kwa kukata gundi? RAM ina nafasi zake? SSD ni ya M.2 ya kawaida inayopatikana kwa fundi yeyote? Adapta ina plagi inayouzwa mtaani, au ya kampuni hiyo pekee? Na hata kama mwenye mashine hataigusa kamwe, fundi wake ataigusa, naye hutoza kwa kadiri ya mateso.

Lipo tundu moja ambalo mapitio mengi huliweka kwenye jedwali la mwisho, kama halipo kabisa: HDMI ya kuingiza picha. Mashine iliyo nalo, prosesa yake ikichoka, hugeuka kioo cha laptopu au cha kompyuta ndogo ya miaka ijayo. Apple iliwahi kuwa na njia yake ya kufanya hivyo, iliyoanza na iMac ya inchi 27 ya 2009, kisha ikaachwa zilipokuja iMac za Retina. Kwenye mashine za bei ya chini tundu hili ni nadra. Pale linapokuwepo, mhakiki angesamehe spika zinazokwaruza na kamera yenye ukungu. Pale lisipokuwepo, na RAM imelehemiwa, na mgongo umegundishwa, nyota moja inatosha hata kama programu zote zinafunguka upesi.