Maneno ya Usajili katika Mazungumzo ya Mashabiki wa Kandanda

Wataalamu wa fasihi simulizi wamekusanya ngano, vitendawili, methali na nyimbo za kazi, wakavipanga kwa mafungu na kuvipa majina. Liko, hata hivyo, fungu moja la usemi ambalo husikika katika miji ya Tanzania kila mwaka kwa majuma mengi, na ambalo halijapewa haki yake. Hilo ni mazungumzo ya mashabiki wa kandanda juu ya wachezaji wanaotarajiwa kusajiliwa. Ligi ikiisha na uwanja ukibaki mtupu, ndipo maneno yanapojaa. Barazani Kariakoo, penye kahawa na bao, shabiki wa Simba na shabiki wa Yanga huketi wakaunda timu ambazo hazijacheza bado, na kwa hiyo hazijafungwa.

Usemi huu una kanuni zake. Kwanza ni kanuni ya chanzo. Mleta habari hamtaji aliyempa. Husema tu kwamba anaye mtu wa ndani, na wasikilizaji hukubali, kwa kuwa tetesi iliyotajiwa shahidi huwa si tetesi tena. Pili ni kanuni ya kitenzi. Kiambishi -nge- hutawala: “Tungekuwa na namba tisa wa kweli, tungetwaa kombe.” Kwa umbo sentensi hiyo ni majuto, lakini kwa maana ni madai, maana shabiki hana kalamu ya kutia saini wala fedha ya kulipa, na kura yake ni maneno yake. Tatu ni kanuni ya utani. Young Africans iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936 na kupata jina lake la sasa mwaka 1971, huitwa watani wa jadi, na utani huruhusu yale ambayo ugomvi ungeyakataza. Mmoja husema, “Mtani, huyo mnayemngoja magoti yamekwisha.” Mwenzake hujibu, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Wa kwanza naye humalizia kwa kejeli, “Kipya kinyemi, ingawa kidonda.” Kati ya methali hizo mbili, ya tumaini na ya tahadhari, mjadala mzima huning’inia.

Hapa yafaa kuiacha njia kuu kidogo na kulitazama neno lenyewe. Sajili limetoka katika Kiarabu, ambamo sijill ni daftari la kumbukumbu. Katika Kiswahili cha ofisi, kusajili ni kuandika jina katika kitabu rasmi: husajiliwa vizazi na vifo, makampuni, vyama na magari; na msajili ndiye mwenye kushika kalamu. Kwa kipimo hicho klabu haisajili mtu. Klabu hupeleka jina, na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania ndilo linaloliandika. Mwenye kushika sarufi kwa ukali angeweza kudai ya kwamba kusema “Simba imemsajili fulani” ni kosa. Dai hilo halisimami. Kiswahili humpa tendo yule aliyelitaka litendeke: mtu husema amejenga nyumba, ingawa aliyejenga ni mwashi, wala hapana amwitaye mwongo.

Swali lenye uzito zaidi ni kwa nini mashabiki hawasemi ajiri. Mchezaji hutia saini mkataba, hupokea mshahara, hufuata saa za mazoezi, na mkataba ukiisha ana haki ya kwenda zake. Kwa kila hali huyo ni mwajiriwa. Hata hivyo “Yanga imemwajiri mshambuliaji” ni sentensi sahihi isiyopigiwa vigelegele na mtu. Kocha huajiriwa, na akishindwa hufutwa kazi. Mchezaji husajiliwa, na akishindwa huachwa, au hutemwa, au, kama wasemavyo vijana kwa dhihaka, hupewa thenkyu. Kuachwa ni neno la ndoa, na kutemwa ni neno la muwa uliokwisha utamu. Kuajiri ni kupatana juu ya ujira, na ujira una mwisho wake. Kusajili ni kuandikwa katika daftari letu, na aliyeandikwa humo ni wetu.

Kando ya neno hilo la udugu yamesimama maneno ya namna nyingine kabisa. Mchezaji mpya huitwa kifaa, chuma, jembe au mashine. Klabu haimpokei bali humshusha, kama shehena ishushwavyo bandarini. Naye hapitii mlangoni kama mgeni wa ile methali, bali dirishani, kubwa au dogo, mahali ambapo dukani hupitishwa bidhaa. Sitiari hizi zina nguvu, na si haki kuzidharau. Jembe ni heshima kwa watu walioishi kwa kulima. Lakini upatanisho wa kisarufi hufichua jambo. Kiswahili kina desturi ya kuurejesha utu hata pale jina lilipo katika ngeli ya vitu: kiongozi amefika, wala si kimefika. Katika habari za usajili desturi hiyo huyumba. Jembe limetua, mashine imeshushwa, kifaa kimewasili. Mtu amevuliwa kiambishi chake. Hurudishiwa siku akianguka uwanjani akishika goti, maana hapo hapana asemaye mashine imeharibika, bali kila mtu husema ameumia.

Madhara ya maneno haya huonekana mchezaji anapotaka kuondoka. Feisal Salum alipotaka kuuvunja mkataba wake na Yanga mwezi Desemba mwaka 2022, vyombo vya shirikisho viliamua ya kwamba angali mchezaji wa klabu hiyo, na shauri lilidumu miezi kadhaa mpaka alipohamia Azam mwaka 2023. Swali la sheria lilikuwa juu ya mkataba: umevunjwaje, na kwa fidia gani. Katika vijiwe mkataba haukuwa na nafasi kubwa. Palitawala mali na shukrani, maneno mawili yasiyoweza kukaa pamoja, kwa kuwa mali haishukuru.

Mfano wa pili ni wa Clatous Chama wa Zambia, aliyefika Simba mwaka 2018, akaenda Morocco mwaka 2021, akarejea mwanzoni mwa mwaka 2022, kisha akajiunga na Yanga mwezi Julai mwaka 2024, mkataba wake na Simba ukiwa umekwisha. Mashabiki walikuwa wamempa jina la Mwamba wa Lusaka. Jina hilo lilikuwa sifa, lakini lilikuwa pia ahadi ambayo yeye hakuitoa, kwa sababu mwamba hauhami. Alipohama, wapo walioliona tendo hilo kuwa usaliti. Mfanyakazi aliyemaliza muda wake hana wa kumsaliti. Ndugu na mwamba ndio wenye kusaliti.

Wala isidhaniwe kuwa haya ni maneno matupu. Uingereza yatoa ushahidi ya kwamba daftari laweza kuwa kamba. Huko klabu iliweza kuuzuia usajili wa mchezaji hata baada ya mkataba wake kwisha, naye asiweze kuchezea klabu nyingine. George Eastham aligombana na Newcastle United juu ya jambo hilo, akahamia Arsenal mwaka 1960, na mwaka 1963 mahakama ikaamua kwamba kizuizi cha namna hiyo kilimnyima mtu haki ya kufanya kazi yake. Katika shauri la Jean-Marc Bosman, Mbelgiji, Mahakama ya Ulaya iliamua mwaka 1995 ya kwamba raia wa nchi za Umoja wa Ulaya aliyemaliza mkataba aweza kwenda klabu ya nchi nyingine ya Umoja huo bila ada ya uhamisho. Mashabiki wa Tanzania humwita mchezaji aliyemaliza mkataba mchezaji huru. Kama huyo ndiye huru, wale wenzake waliobaki waitweje?

Haifai kuwapiga marufuku mashabiki maneno yao. Mazungumzo yasiyo na vyuma wala majembe yangekuwa hesabu ya mishahara, na barazani hapana aendaye kusikiliza hesabu. Lakini mhakiki ana wajibu wa kuonyesha neno limebeba nini. Neno sajili limebeba mapenzi ya kweli: watu wasio na hisa wala kiti katika mkutano wa viongozi humwandika mgeni katika jamaa yao na kumwombea heri kabla hajagusa mpira. Limebeba pia dai la kummiliki. Apendaye kupima lipi limeshinda na asikilize viambishi, si siku mchezaji anaposhushwa, bali siku anapoaga. Akiitwa yeye, amependwa. Akiitwa kile, alikuwa mali tangu siku ya kwanza.