Ile asilimia 25: nani aliulizwa na nani alikisiwa?

Msomaji, bila shaka umeshakutana na sentensi hii, iwe kwenye habari, kwenye slaidi za semina au kwenye kundi la WhatsApp: "Mwaka wa kwanza wa UVIKO-19, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25." Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tamko hilo Machi 2022, na tangu hapo limesafiri sana. Kila linapopita linapunguzwa neno na kuongezwa jingine, mpaka siku hizi unasikia hivi: "Lokidauni ziliongeza magonjwa ya akili kwa asilimia 25."

Sentensi hizo mbili si sawa hata kidogo. Ya kwanza inazungumzia mwaka mzima wa janga, na mwaka huo ulikuwa na hofu, misiba, kupoteza kazi na kila kitu. Ya pili imechagua mshtakiwa mmoja. Leo nataka tuifungue hiyo namba tuone ndani mna nini. Sisemi ni ya uongo. Nasema imebebeshwa mzigo usio wake, na wanaoumia ni watu ambao hata hawakuulizwa.

Namba ilizaliwa wapi?

Chimbuko lake kubwa ni utafiti uliochapishwa kwenye jarida la The Lancet Oktoba 2021. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2020 kulikuwa na wagonjwa wa sonona milioni 53.2 zaidi ya ilivyotarajiwa, ongezeko la asilimia 27.6, na wagonjwa wa wasiwasi milioni 76.2 zaidi, ongezeko la asilimia 25.6. Makadirio yalitolewa kwa nchi na maeneo 204. (Sonona si huzuni ya siku moja. Ni ile hali nzito inayodumu, inayomwondolea mtu hamu, nguvu na usingizi.)

Sasa angalia kilicho chini ya makadirio hayo: vyanzo 48 vya data. Vingi vilitoka Ulaya Magharibi na Amerika Kaskazini, na vilivyobaki karibu vyote ni vya nchi nyingine tajiri. Afrika kusini mwa Sahara haikuwa na hata kimoja.

Kwa hiyo sisi tuliingiaje kwenye hesabu? Watafiti waliangalia nchi zenye data, wakaona uhusiano kati ya vitu vitatu: kasi ya maambukizi, kupungua kwa mizunguko ya watu, na kuongezeka kwa dalili. Halafu wakauhamishia uhusiano huo kwenye nchi zisizo na data. Ni kama fundi cherehani aliyewapima watu wa nyumba moja, kisha akawashonea ukoo mzima kwa kuwaangalia kwa mbali. Nguo zitashonwa, na huenda wengine zitawakaa vizuri. Lakini usije ukasema ulipimwa.

Niwatendee haki: waandishi wenyewe walikiri upungufu huu wa data. Shida ni kwamba tahadhari ya mtafiti huwa haisafiri pamoja na namba yake. Namba inapanda ndege, tahadhari inabaki uwanjani.

Halafu kuna hicho kipimo cha mizunguko. Watu wanaweza kubaki nyumbani kwa amri ya serikali, na wanaweza kubaki nyumbani kwa hofu tu bila amri yoyote. Kipimo hakitofautishi. Tena, Kenya ilipoweka kafyu tarehe 27 Machi 2020, na siku chache baadaye ikazuia watu kuingia na kutoka Nairobi, mwenye mshahara Kilimani na mfua nguo wa Mathare anayelipwa kwa siku wote wangeonekana "wamepunguza mizunguko". Kwenye jedwali ni kitu kimoja. Nyumbani, mmoja anafanya kazi kwa kompyuta, mwingine anahesabu unga uliobaki kwenye kopo.

Dodoso si daktari

Tuje kwenye zile nchi zilizopimwa kweli. Uingereza wana utafiti mkubwa unaowafuatilia watu walewale kwa miaka. Kwa kutumia dodoso la maswali 12 liitwalo GHQ-12, kabla ya janga asilimia 18.9 ya watu wazima walionekana kuwa na msongo mkubwa wa akili. Mwishoni mwa Aprili 2020, mwezi mmoja baada ya nchi kufungwa, wakawa asilimia 27.3. Hilo ni ongezeko kubwa, na silipuuzi.

Lakini hebu tazama dodoso lenyewe. Maswali yake yanamtaka mtu ajilinganishe na kawaida yake. Moja linauliza kama ameweza kufurahia shughuli zake za kila siku. Jamani, mtu amefungiwa ndani, haendi kazini, haendi kanisani wala msikitini, mpira umesimamishwa. Akijibu "chini ya kawaida", anaumwa au anasema ukweli tu? Dodoso la aina hii linachuja, linaonyesha nani anafaa kuangaliwa kwa karibu. Ugonjwa anauthibitisha mtaalamu anayekaa na mtu na kuzungumza naye.

Hilo pia limejaribiwa. Kule Trondheim, Norwe, watafiti waliwahoji watu kwa mahojiano kamili ya uchunguzi wa magonjwa ya akili, wakianza mwezi Januari 2020. Kabla ya masharti ya Machi, waliokutwa na ugonjwa walikuwa asilimia 15.3. Katika wiki za mwanzo za janga wakawa asilimia 8.7, yaani walipungua! Baadaye wakapanda tena. Usikimbilie kusema lokidauni ni dawa: huo ni mji mmoja, kwenye nchi tajiri, na kila kipindi kilikuwa na watu tofauti. Lakini unaona jinsi jibu linavyobadilika ukibadilisha namna ya kuuliza.

Na muda nao una neno. Timu ya Chuo Kikuu cha UCL iliyowafuatilia watu wazima zaidi ya 36,000 nchini England iliona dalili za sonona na wasiwasi zikiwa juu mwanzoni mwa lokidauni, kisha zikashuka wiki kwa wiki, huku watu bado wamefungiwa. Ukipima wiki ya kwanza tu, utaandika msiba. Ukipima wiki ya 15, utaandika habari nyingine.

Upande wa pili nao wasishangilie

Machi 2023 jarida la BMJ likachapisha uchambuzi wa tafiti 137 zilizolinganisha hali ya watu kabla na wakati wa janga. Kwa watu wazima kwa ujumla, afya ya akili na wasiwasi havikubadilika kwa kiasi cha maana. Sonona iliongezeka kidogo sana. Wanawake waliathirika zaidi, ingawa nao kwa kiasi kidogo. Basi vichwa vya habari vikageuka: kumbe binadamu ni mgumu, hakutikisika!

Hapa napo nina neno. Kwanza, tafiti hizo nazo nyingi ni za nchi zenye kipato kikubwa au cha kati cha juu. Tumehama kutoka chumba kimoja kwenda kingine ndani ya nyumba ileile. Pili, kuna suala la wastani. Chukua mfano wa kubuni wa watu kumi. Saba wamepumzika na foleni na bosi mkali, dalili zao zimeshuka alama tatu kila mmoja: jumla 21 zimepungua. Watatu wamepoteza kazi, dalili zao zimepanda alama saba kila mmoja: jumla 21 zimeongezeka. Wastani wa mabadiliko ni sifuri. Mtafiti ataandika "hakuna badiliko", na hesabu yake itakuwa sahihi kabisa. Nenda kawaambie wale watatu.

Swali ambalo halikuulizwa: mlikula nini?

Afrika Kusini ndiko mahali ambapo swali hili liliulizwa kwa uzito. Nchi ilifungwa tarehe 27 Machi 2020. Utafiti wa NIDS-CRAM ukawapigia simu watu wazima zaidi ya 7,000. Asilimia 47 walisema kaya yao iliishiwa hela ya chakula mwezi Aprili. Asilimia 22 walisema kuna mtu nyumbani aliyeshinda njaa katika siku saba zilizotangulia mahojiano. Data hizohizo zilipochambuliwa baadaye, waliobaki na kazi walikuwa na dalili chache za sonona kuliko walioipoteza.

Sasa soma hilo pamoja na uchunguzi mwingine uliohusisha nchi tisa zenye kipato cha chini na cha kati, Kenya na Rwanda zikiwemo: katika sampuli ya katikati kwenye orodha, asilimia 68 ya waliohojiwa walisema kipato chao kilishuka. Hapo ndipo unapoona kwamba "kufungiwa ndani" si kitu kimoja. Kufungiwa na friji iliyojaa ni upweke. Kufungiwa na sufuria tupu ni jambo jingine.

Hata vipimo vyetu vinachanganyikiwa hapa. Dodoso la PHQ-9, linalotumika sana hata kwa Kiswahili, linauliza kuhusu usingizi, uchovu na hamu ya kula katika wiki mbili zilizopita. Mtu mwenye njaa halali vizuri wala hana nguvu. Anaweza kukusanya alama kabla hujafika kwenye huzuni. Kumwandikia vidonge mtu anayehitaji posho ni kosa, na kumpa posho mtu mwenye sonona halisi ukadhani umemaliza nalo ni kosa.

Tanzania haikuweka amri ya watu kukaa ndani. Shule zilifungwa kuanzia Machi 17, 2020, vyuo vikafunguliwa Juni 1. Uganda ilifunga shule, nyingine kwa karibu miaka miwili. Majirani watatu, njia tatu tofauti: mahali pazuri kabisa pa kulinganisha. Lakini ili ulinganishe unahitaji vipimo vya kabla. Huwezi kusema homa ya mgonjwa imepanda kama jana hakuna aliyempima. Kwa hiyo kazi ya kupima afya ya akili ifanyike sasa, wakati wa amani, kwenye kaya za kawaida, pamoja na maswali ya kipato na chakula. Janga lijalo halitatusubiri tuandike andiko la kuomba fedha.

Ukikutana nayo tena

Ukiiona ile asilimia 25, uliza waliohojiwa waliishi wapi, waliulizwa maswali gani, na wastani umemficha nani. Na kama unaandika tasnifu na ni lazima uinukuu, iandike kwa ukamilifu: ni makadirio ya mwaka 2020, yanahusu janga zima wala si lokidauni peke yake, na data zake hazikutoka kwetu. Sentensi itakuwa ndefu, msimamizi wako atalalamika. Mwache alalamike.