Bastola ya Harry na swali la baba mdogo

Kiingilio cha banda la video pale Ipililo ni shilingi 200. Kwa hela hiyo unapata nafasi kwenye benchi, vumbi la bure, na DJ anayetafsiri filamu huku akiongeza maneno ambayo hakuna mwigizaji aliyewahi kuyasema. Msimu uliopita, malipo ya pamba yalipoanza kuingia, nilikuwa nyumbani likizo. Jioni moja nikaingia bandani na baba mdogo. Filamu ilikuwa ya zamani kuliko mimi: Dirty Harry, ya mwaka 1971, Clint Eastwood akiwa askari mpelelezi wa San Francisco mwenye bastola ndefu kama mkono wa jembe.

Tulipotoka, baba mdogo alinyamaza mpaka tukafika kwenye mwembe. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe si umesoma fizikia? Hebu niambie, risasi ya bastola yenye nguvu kuliko zote ni ipi? Nataka kuomba kibali cha kumiliki silaha. Duka limekua, ng'ombe wapo, na wezi nao wapo."

Hakuwa anatania. Kwa hiyo unachosoma hapa ni uhakiki wa filamu, lakini uhakiki wenye kikokotoo mkononi, kwa sababu swali la baba mdogo limetoka moja kwa moja kwenye mdomo wa Harry. Mapema kabisa kwenye filamu, Harry anamwelekezea bastola jambazi aliyejeruhiwa na kumwambia kwamba hiyo .44 Magnum ndiyo bastola yenye nguvu kuliko zote duniani. Tangu siku hiyo watu wa dunia nzima wanauliza ipi ina nguvu zaidi, na wachache mno wanaouliza ni nguvu ya kufanyia nini.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Kiswahili chetu kinaita kila kitu "risasi": madini yenyewe, kile kipande kinachoruka, na kile kitu kizima unachokiingiza kwenye bastola. Hicho kizima kina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe au shaba ya njano, baruti ndani yake, fataki ndogo kwenye kitako, na kichwa mbele. Bastola ya silinda, yaani rivolva, hubeba risasi hizo kwenye matundu, mara nyingi sita, na silinda huzunguka kila unapofyatua. Filamu inastahili sifa hapa: mchezo mzima wa tukio lile la mwanzo umejengwa juu ya hesabu ya risasi tano au sita. Mwongozaji Don Siegel alijua silaha yake ina mwisho. Filamu nyingi za leo bandani, bastola inapiga risasi 40 na hakuna anayejaza.

Lakini mwisho wa filamu ndio ulionichokoza. Muuaji anapigwa kifuani na kurushwa kinyumenyume mpaka majini. Banda zima lilipiga kelele. Mimi nikaanza kuhesabu.

Kichwa cha risasi ya .44 Magnum kina uzito wa gramu 15.6 hivi, na kinatoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 400 kwa sekunde. Zidisha uzito (kwa kilo) mara kasi, unapata kitu wanafizikia wanakiita momentamu, yaani ile hali ya kitu kusukuma kingine kinapogongana nacho: 0.0156 mara 400 ni karibu 6.2. Sasa mpe mtu wa kilo 70 msukumo huo wote, risasi ikwame ndani yake isitoke. Gawanya 6.2 kwa 70. Anapata kasi ya karibu sentimita 9 kwa sekunde. Mtoto anayetumwa dukani bila kupenda anatembea haraka kuliko hapo. Mtu aliyepigwa risasi anaweza kuanguka kwa sababu mwili umeacha kumtii, au kwa sababu ameshtuka, lakini harushwi. Na Newton alishatuambia kwamba msukumo ni pande mbili: kama risasi ingemrusha yule majini, na Harry naye angerushwa upande wa pili, tena zaidi kidogo, kwa sababu gesi ya baruti nayo inasukuma.

Hapo nikamweleza baba mdogo kwamba nguvu anayoitaka, kabla haijamfika mwizi, inaupitia mkono wake mwenyewe. Bastola ya Harry, Smith & Wesson Model 29, ina uzito wa kilo 1.3 hivi. Ukiihesabu hiyo 6.2 bila hata kuongeza gesi, bastola inataka kurudi nyuma kwa karibu mita 5 kwa sekunde. Hilo ndilo teke. Linganisha na .38 Special, risasi iliyozaliwa mwishoni mwa karne ya 19: kichwa cha gramu 10.2 kwa mita 230 hivi kwa sekunde, momentamu 2.3. Teke la kwanza ni karibu mara tatu ya hili.

Nikiri jambo: rivolva sijawahi kuifyatua. Nilichowahi kufyatua ni ile bunduki tunayoiita SMG, nilipokuwa JKT, na ninakumbuka vizuri kwamba risasi ya kwanza niliipiga macho yamefumba. Mkufunzi hakushangaa. Alisema kila kuruta ana ugonjwa huo: mwili unalisubiri teke, kidole kinavuta kwa hofu, mtutu unainama, shabaha inabaki salama. Ugonjwa huo hauponi kwa kununua teke kubwa zaidi.

Waingereza waliokuwa wakitawala hapa Tanganyika walilijua hilo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi lao lilitumia rivolva ya Webley yenye risasi nene ya .455. Baada ya vita wakakaa chini, wakaona kwamba kumfundisha mtu kuilenga vizuri kunachukua muda mrefu, wakahamia kwa makusudi kwenye risasi ndogo ya .38, na mwaka 1932 wakaipitisha rasmi rivolva ya Enfield iliyoitumia. Dola kubwa kama ile, ikashuka badala ya kupanda.

Wamarekani wao walienda upande mwingine, na hadithi yao itamgusa Msukuma yeyote kwa sababu ina ng'ombe ndani. Mwaka 1904 maofisa wawili, Thompson na LaGarde, walipewa kazi ya kutafuta risasi ya bastola inayofaa jeshi. Wakapiga risasi maiti, kisha ng'ombe hai kwenye machinjio ya Chicago, wakipima nani anaanguka haraka. Wakahitimisha kwamba kipenyo kisipungue .45. Hitimisho hilo limenukuliwa kwa zaidi ya miaka 100. Ukiangalia kazi yenyewe, ng'ombe walikuwa wachache, risasi zilipiga sehemu tofauti tofauti, na matokeo yaligongana. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza akileta data hiyo kwa msimamizi wake leo, anarudishwa. Mimi nawaonea huruma wale ng'ombe zaidi kuliko ninavyoliamini lile jedwali.

Sasa, kwa kazi gani? Hapa ndipo filamu inatudhulumu, maana Harry ana kazi moja tu, na hiyo kazi imeandikwa na mtunzi.

Kama kazi ni kujifunza, chaguo langu ni .22, ile ndogo yenye kichwa cha gramu 2.6. Ni ya bei nafuu, haina teke la kuogopesha, na kosa unaloliona kwenye shabaha ni lako mwenyewe. Kama kazi ni mashindano ya kulenga karatasi, .38 Special inapendeza, hasa ile yenye kichwa bapa mbele kama kizibo. Watu huiona mbaya kwa sura. Lakini kichwa bapa kinakata tundu la duara safi kwenye karatasi, mwamuzi anaona alama bila ubishi, na kwa kasi ndogo ya mita 220 hivi haichoshi mkono hata baada ya risasi 50. Kama mtu anataka bastola moja ya kazi nyingi, ninaipenda .357 Magnum ya mwaka 1935, na sababu yangu ni ya kihandisi. Kipenyo cha kichwa chake ni kilekile cha .38 Special (hiyo "38" ni jina tu la urithi, kipimo halisi ni .357 ya inchi). Walichofanya ni kurefusha ganda kwa milimita tatu na ushee, ili isiweze kuingia kwenye bastola za zamani za .38 na kuzipasua. Kinyume chake kinawezekana: bastola ya .357 inakula .38 bila shida. Unafanya mazoezi kwa risasi ya jouli 270, na ukihitaji unapanda mpaka karibu jouli 700. Milimita tatu tu, na mtu ameokolewa vidole vyake. Huo ndio uhandisi ninaoupenda.

Na .44 ya Harry? Ina karibu jouli 1,250. Ilitoka mwaka 1955, na wawindaji wa Marekani, mwandishi Elmer Keith akiwa mstari wa mbele, waliidai kwa ajili ya wanyama wakubwa. Mpelelezi wa mjini hakuwa kwenye mawazo yao. Kwenye barabara iliyojaa watu, risasi ya namna hiyo haiishii kwa uliyemkusudia. Filamu haionyeshi hata mara moja ilikoishia.

Jirani yetu mmoja aliyekuwa akisikiliza akadakia, "Basi hiyo ya kuulia nyati si ndiyo itufukuzie tembo?" Swali halali. Pori la Akiba Maswa si mbali, na tembo wakishaingia shambani hawaulizi mwenyewe ni nani. Lakini jibu ni hapana. Kanuni za uwindaji za Tanzania zinataka bunduki isiyopungua .375 kwa wanyama hatari kama tembo, nyati na simba. Hiyo .375 ya Holland & Holland, iliyoanza 1912, inatoa zaidi ya jouli 5,500. Harry ana chini ya robo. Kumpiga tembo kwa bastola ni kumtengeneza tembo mwenye kidonda na hasira, halafu kumwachia kijiji.

Najua atatokea msomaji wa kunitajia Karamojo Bell. Ni kweli: yule Mskochi aliua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi wao kwa bunduki nyembamba ya milimita 7, na jina lake linatokana na Karamoja, Uganda ya leo. Kitabu chake cha 1923 kinasomwa mpaka sasa na wanaosema kipenyo si kitu. Mimi nakisoma kwa mashaka mawili. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Aliyemnukuu bila kupasua fuvu amenukuu nusu. La pili, vitabu huandikwa na waliorudi. Waliojaribu bunduki nyembamba wakakosea kwa inchi nne hawakupata mchapishaji. Na bado hata bunduki yake hiyo "ndogo" ilikuwa na jouli mara mbili ya bastola ya Harry.

Tukarudi kwa baba mdogo. Nilimwomba anionyeshe mahali ambapo mwizi angesimama. Akasimama mlangoni pa duka. Nikamwambia anyooshe mkono kama Harry. Nyuma ya mlango ule kuna ukuta wa tofali mbichi, na nyuma ya ukuta ni chumba wanakolala wadogo zangu watatu. Hakusema kitu. Akashusha mkono.

Nilimweleza mengine kwa ufupi: kwamba mlio wa bastola yoyote kati ya hizi unapita desibeli 140, kiwango cha kuharibu sikio papo hapo, na ndani ya chumba chenye bati ni vibaya zaidi, kwamba Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka leseni, na silaha yenyewe itunzwe mahali pa kufungwa, mbali na watoto. Alitikisa kichwa lakini macho yake yalikuwa bado kwenye ule ukuta.

Wiki iliyofuata DJ akaleta filamu ya pili, Magnum Force ya 1973. Humo kuna tukio ambalo kwangu ni bora kuliko yote ya filamu zote mbili. Harry yuko kwenye uwanja wa kulengea shabaha, askari vijana wanamuuliza anatumia risasi gani kwenye lile libastola. Anajibu kwamba anaweka risasi nyepesi, kwa sababu inamtii zaidi na teke lake ni dogo. Yaani mtu yuleyule aliyeitangazia dunia nguvu ya .44 anakiri, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba nguvu hiyo haitumii. Watunzi walijirekebisha wenyewe kwa sentensi moja.

Nilimgusa baba mdogo begani ili asikilize. DJ wakati huo alikuwa amezima sauti ya filamu na anatangaza bei mpya ya kuchajisha simu.