Kovu la Pasheni

Mche wa pasheni unaodumu Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, ni mimea miwili iliyofungwa pamoja kwa utepe wa nailoni. Mizizi ni ya pasheni ya njano, matawi ni ya pasheni ya zambarau, na pale zinapokutana pana kovu ambalo mkulima mzoefu hulipapasa kwa kidole gumba kabla hajatoa pesa mfukoni. Kovu hilo hunisimamisha kila ninapopita Kaloleni, Maringo na Jericho, mitaa ya zamani ya wafanyakazi iliyo karibu na Industrial Area, ambako mtu mwenye ukuta mmoja na kipande cha ardhi cha upana wa mkeka ameamua kula tunda alilolilea mwenyewe.

Pasheni ya zambarau ndiyo inayopendwa Nairobi kwa utamu na harufu yake. Kwao ni kusini mwa Brazil, Paraguay na kaskazini mwa Argentina, nayo hupenda nyanda za juu, kwa hiyo jiji hili lenye mwinuko wa takriban mita 1,700 linaifaa. Udhaifu wake uko chini. Kuvu wa fuzari hukaa udongoni miaka mingi, huingia kwenye mizizi na kuziba mishipa ya maji, na mmea uliojaa matunda hunyauka na kufa mbele ya macho yako. Pasheni ya njano, ambayo tunda lake huwa chachu zaidi, huvumilia kuvu huyo. Basi mafundi wakaamua kuichukua nguvu ya mmoja na utamu wa mwingine.

Katika nchi za theluji wenye bustani za nyuma ya nyumba nao wana mmea wa kutambaa unaodai subira, kiwi ndogo inayostahimili baridi kali: sharti wapande mmea dume na mmea jike, wajenge chanja imara, kisha wangoje miaka kadhaa waonje tunda la kwanza. Kiwi hiyo huhitaji majira ya baridi ya kweli, na Julai yetu, hata tukijifunika blanketi mbili, haiitoshi. Mmea wetu wa kutambaa ni pasheni, na unadai mikono yenye adabu ile ile.

Kazi yenyewe ya kuunganisha pasheni hizo mbili huitwa kubebesha. Nimekaa kwenye ngazi ya nyumba moja Jericho nikimtazama mzee aliyestaafu kazi ya kiwandani akiifanya, na sijaona mtu anayeheshimu kisu kuliko yeye. Kwanza hukitumbukiza kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, hukifuta, hukitumia kwa mche mmoja, kisha hukitumbukiza tena. Si usafi wa kujionyesha. Kuna virusi vinavyoyafanya matunda ya pasheni kuwa madogo, yenye ganda gumu kama ubao, na virusi hivyo husafirishwa na vidukari, na pia na kisu cha mtu mwenye haraka.

Shina la njano, lililooteshwa kwa mbegu kwenye mfuko wa plastiki, huwa tayari likifikia unene wa penseli. Mzee hulikata juu, shubiri moja au zaidi kutoka kwenye udongo, kwa sababu kovu likiwa chini sana matone ya mvua yatarusha udongo wenye kuvu hadi kwenye sehemu ya zambarau, na kazi yote itakuwa bure. Kisha hulipasua katikati, taratibu, kina cha sentimita mbili au tatu. Kikonyo cha zambarau, yaani kipande cha tawi chenye macho mawili au matatu, hukichonga pande mbili kiwe kabari. Majani hayaachi yote; huyapunguza ili kikonyo kisipoteze maji kabla hakijapata mizizi ya kukinywesha. Halafu huja sehemu ninayoipenda. Hukiingiza kikonyo kwenye ufa, hukiinamia, hukisogeza kidogo kulia, hukisogeza tena. Anatafuta ganda la ndani la kikonyo ligusane na ganda la ndani la shina, angalau upande mmoja, maana ni utando huo mwembamba wa kijani tu ndio unaoungana. Vikonyo vingine ni vyembamba kuliko shina. Hapo haviweki katikati, huvivuta kwenye ukingo.

"Usikaze kwa hasira, mwanangu," aliniambia akizungusha utepe kutoka chini kwenda juu. "Kaza kama unafunga kidonda cha mtoto."

Juu yake hufunika mfuko mwangavu, mche ukakaa kivulini wiki tatu hivi. Kusubiri huko ni kazi, ingawa mikono imetulia. Mtu asiyejua hufunua kila asubuhi kuangalia, na kila akifunua unyevu unatoka. Mzee huangalia bila kugusa. Macho yakianza kuchipua hutoboa mfuko, siku chache baadaye huuondoa.

Kisha kuna udongo. Magharibi mwa jiji kuna udongo mwekundu unaopitisha maji, lakini upande huu wa mashariki tumejaliwa ule mweusi wa mfinyanzi, ambao wakati wa mvua hushika maji na wakati wa kiangazi hupasuka. Hakuna pasheni inayopenda kusimama ndani ya maji, hata ile ya njano. Kwa hiyo wajuzi hapa hupanda kwenye tuta lililoinuliwa, au kwenye pipa lililotobolewa chini, wakichanganya udongo mwekundu ulioletwa kwa mkokoteni na samadi iliyooza vizuri. Karibu na viwanda kuna jambo jingine la kusemwa wazi: usichukue udongo wa mtaroni, wala usimwagilie maji ya Mto Ngong. Mto huo hupita katikati ya viwanda na kubeba kila kinachomwagwa humo. Pipa lenye udongo unaoujua asili yake ni salama zaidi, na ukiwa na mtungi mmoja wa lita 20 siku ya mgao wa maji, pipa hupoteza kidogo tu.

Industrial Area hulipa deni lake kwenye chanja. Paipu za chuma zilizobaki, kona za fremu za milango, waya wa mabati wa geji 14 unaouzwa kwa kilo na wauza vyuma chakavu: mchomeleaji wa jua kali anaweza kukusimamishia nguzo mbili kwa asubuhi moja. Waya hupita juu kidogo ya kichwa cha mtu mzima. Mche huelekezwa kwa kamba, shina moja tu, na kila chipukizi cha pembeni hukatwa hadi ufike kwenye waya. Hapo hukatwa ncha, matawi mawili yakaenda kushoto na kulia, na kutoka kwayo huning'inia vitawi vinavyozaa. Pasheni huzaa kwenye matawi mapya, ndiyo maana baada ya mavuno hupogolewa bila huruma. Wengi hushindwa hapo, kwa kuona uchungu kukata kitu cha kijani. Matokeo yake ni kichaka kizuri cha kivuli, chenye vidukari na matunda manne.

Ua la pasheni ya zambarau hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya mchana kufika mbali. Lina vichwa vitatu vya kike vilivyosimama juu ya vifuko vitano vya chavua, na baada ya kufunguka vichwa hivyo hupinda polepole kushuka chini, kuelekea usawa wa chavua. Anayefaa kuifikisha ni nyuki seremala, yule mweusi mkubwa anayetoboa mbao. Mgongo wake unafikia pale ambapo nyuki wa asali mara nyingi hapafikii. Mwenye bustani mwenye akili haichomi mbao kuukuu yenye matundu yake. Nyuki huyo asipoonekana, brashi ndogo au ncha ya kidole hufanya kazi hiyo saa tatu asubuhi. Toka ua hadi tunda lililoiva ni miezi miwili hadi mitatu.

Tangu 2015 Kaunti ya Nairobi ina sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, kwa hiyo mmea wako si jambo la kujificha. Mvua ndefu huanza Machi. Toboa pipa lako Februari, tafuta waya, kisha nenda kwa muuza miche ukiwa hujashikwa na haraka. Inama, papasa shina, ulitafute kovu. Likiwa chini ya shubiri moja, au likiwa halipo, mrudishie mche wake.