Kufumba na Kufumbua: Istilahi za Fumbo la Maneno la Kiingereza

Fumbo la maneno la magazetini aghalabu huhesabiwa kuwa kitu cha kupitisha wakati, kisichostahili kuangaliwa na mwanafunzi wa fasihi. Dharau hiyo haikosi sababu, kwa maana fumbo la kawaida halimtaki mtu zaidi ya kukumbuka kisawe cha neno na kuzihesabu herufi zake. Walakini, katika Uingereza ilizaliwa aina nyingine ambayo imejitungia istilahi zake, sheria zake, na hata madhehebu zake. Mwenye kuzichunguza istilahi hizo huona kwamba chini yake liko swali zito kuliko mchezo wenyewe: mtu aweza kuficha maana kwa kadiri gani kabla hajahesabiwa kuwa mwongo?

Fumbo la kwanza la namna hii lilichapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Mtungaji wake alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool. Madokezo yake yalikuwa fasili tupu. Lilipovuka bahari na kufika Uingereza, mshairi na mfasiri Edward Powys Mathers aliligeuza tabia. Katika gazeti la Observer, tangu mwaka 1926 hadi alipofariki mwaka 1939, alitunga madokezo yasemayo jambo moja na kukusudia jingine. Alijiita Torquemada, jina la mkuu wa mahakama ya dini ya Hispania iliyosifika kwa mateso. Aliyemrithi, mwalimu D. S. Macnutt, alijiita Ximenes, jina la mkuu mwingine wa mahakama hiyohiyo. Naye A. F. Ritchie, aliyetunga katika jarida la Listener, alizichukua herufi za mwanzo wa jina lake akapata Afrit. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa neno hilo, kwani afriti ni yule yule wa hadithi za Kiarabu zilizokwisha kukaa pwani yetu.

Majina hayo ya vitisho yasimpoteze mtu. Watu hawa ndio walioweka sheria ya kumlinda mfumbuzi. Ritchie alifundisha kwamba maneno ya mtungaji yaweza kumwelekeza msomaji penginepo kabisa, lakini yakisomwa kwa kanuni ya sanaa hayana budi kuwa yamelitaja jibu sawasawa. Macnutt aliifafanua kanuni hiyo katika kitabu kizima kilichotoka mwaka 1966. Kwa ufupi, dokezo la haki lina vitu viwili tu: fasili ya jibu, na maelezo ya jinsi neno la jibu linavyojengwa. Sehemu hii ya pili yafaa kuitwa ujenzi. Fasili hukaa mwanzoni au mwishoni mwa dokezo, na pasiwe na neno la ziada lisilo na kazi.

Utatuzi wa fumbo la namna hii ni kama njia mbili zinazokutana penye mti mmoja. Hapo ndipo linapotengana na kitendawili. Anayetegewa nyumba isiyo na mlango hujibu kwamba ni yai kwa sababu aliwahi kulisikia jibu, au kwa sababu ameiona picha hiyo kwa ghafula. Akikosea, hana njia ya pili ya kujipima, na hapana budi atoe mji. Bali mwenye kulifumbua dokezo la Kiingereza hujua mwenyewe kwamba amepata, kabla hajaambiwa, kwa kuwa fasili na ujenzi vimemfikisha mahali pamoja.

Mfano wa Kiswahili waweza kulionyesha jambo hili. “Mnyama aliyejificha ndani ya farasi mbaya (herufi 5).” Msomaji wa kwanza hufikiri habari za farasi. Mfumbuzi huliona neno mnyama kuwa ni fasili. Aliyejificha ndani ya ni kiashirio, yaani neno liamrulo kitendo. Na farasi mbaya ni malighafi ya kufanyiwa kitendo hicho. Akiyasoma maneno hayo mawili bila kuijali nafasi iliyo kati yake, humwona simba. Maana ile ya kwanza, ya mnyama na farasi, Waingereza huiita uso wa dokezo. Kwa Kiswahili yatosha kuiita sura. Sura nzuri ni ile isiyomkumbusha msomaji kwamba pana mchezo.

Aina nyingine hutofautiana kwa kitendo kinachofanyika. Kuna kuunga: “Mia mbele, nzi nyuma: mimea ya kujengea (6)” ni mianzi. Kuna kutia neno ndani ya neno: “Kanusho limeingia katika hali iliyoruhusiwa (6).” Kanusho ni la, likitiwa ndani ya hali hutoa halali, na neno la mwisho ndilo fasili. Kuna kupunguza: “Kata kichwa cha simba, kisha tumbuiza (4).” Simba asipokuwa na herufi yake ya kwanza huwa imba. Kuna kuvuruga herufi: “Samaki wamevurugwa wakati wa mvua nyingi (6)” ni masika. Na kuna maana mbili zikiwekwa bega kwa bega: “Mnyama juu ya nyumba (3)” ni paa. Aina hii ya mwisho haina ugeni wowote kwa mwanafunzi wa ushairi wetu, kwa kuwa ni jinasi iliyobadilishiwa vazi.

Hata hivyo, si kila aina ya Kiingereza itakayokubali kuhamia. Waingereza hupenda sana dokezo la sauti, kwa maana lugha yao ina maneno mengi yenye matamshi mamoja na tahajia mbalimbali, kama sun, ambalo ni jua, na son, ambalo ni mwana. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Maneno yenye sauti moja yana tahajia moja, na dokezo la sauti hurudi kuwa dokezo la maana mbili. Kadhalika Waingereza huligeuza neno herufi kwa herufi. Maneno yetu ya asili huishia kwa irabu, na mengi huanza kwa konsonanti. Yakigeuzwa hivyo hutoa kitu kisichotamkika. Ukiligeuza mali hupati ila ilam. Bali likigeuzwa silabi kwa silabi huwa lima, na papo hapo dokezo huzaliwa: “Pindua mali, shika jembe (silabi 2).” Mchezo huu haukuletwa na gazeti lolote. Kinyume, ile lugha ya siri ya kuhamisha silabi, kilikuwa kikisemwa Unguja katika karne ya 19, hata Edward Steere akaandika habari zake. Kwa hivyo yafaa mraba wa Kiswahili uwe tayari kuhesabu silabi pale ambapo herufi hazifai.

Lakini jambo kubwa zaidi si hesabu ya herufi, bali ni upatanisho wa kisarufi. Dokezo la samaki lililotajwa hapo juu lina kosa ambalo jicho la haraka halilioni. Samaki wamevurugwa ni maneno sahihi yakiwa juu ya samaki wa baharini. Lakini katika maana iliyofichwa, kinachovurugwa si samaki. Ni neno samaki, na neno halivurugwi kwa kiambishi cha wa-. Mtungaji wa Kiingereza hana taabu hii, maana kitenzi chake hakimtaji mtendwa kwa ngeli yake. Katika Kiswahili kila kiambishi ni shahidi, na shahidi akisimama upande wa sura peke yake, ujenzi umesingiziwa.

Baadhi ya watu watasema kwamba huo ni ukali usio na maana, na kwamba mfumbuzi atafahamu tu. Yaelekea atafahamu. Lakini swali la haki si kama mfumbuzi atafahamu. Ni kama mtungaji amesema kweli. Tena dawa ya kosa hilo si ngumu. “Vuruga samaki wakati wa mvua nyingi” ni amri inayofaa kuambiwa mpishi, na vilevile inafaa kuambiwa mfumbuzi mwenye kalamu mkononi. Hakuna kiambishi kinachosema uongo. Ndiyo sababu kichwa cha simba kilikatwa kwa amri, na ndiyo sababu mia na nzi walipangwa mbele na nyuma bila kitenzi. Ugumu wa lugha umemlazimisha mtungaji kupata dokezo bora kuliko lile la kwanza.

Sheria ya neno la ziada nayo yaonekana wazi katika mfano mwingine. “Kasi si sifa ya padri (6)” ni sentensi tamu, na jibu lake ni kasisi: kasi na si zimeungwa, na padri ndiye fasili. Lakini neno sifa limekaa bure. Halimo katika ujenzi wala katika fasili. Liondolewe, na dokezo litakuwa “Kasi si ya padri.” Utamu umebaki, na mzigo umepungua. Mwenye kufundisha insha au ushairi aweza kulitumia somo hili bila kutaja mraba hata kidogo.

Kutokana na hayo, namna ya kuziunda istilahi yenyewe hujidhihirisha. Kufasiri neno kwa neno hakutafaa. Waingereza huziita herufi za kuvurugwa kwa jina la chakula cha mifugo. Mwenye kuandika malisho atamfanya mwanafunzi atafute ng’ombe ndani ya mraba. Malighafi yatosha. Aina za madokezo na ziitwe kwa vitendo vyake: kuficha, kuunga, kutia, kupunguza, kuvuruga, kugeuza. Na wahusika wawili tayari wana majina katika kitenzi kimoja. Afumbaye ni mfumbaji, afumbuaye ni mfumbuzi, na tofauti yao ni kinyambuo kidogo tu. Lugha yenyewe yashuhudia kwamba tendo la kwanza halikamiliki bila ya la pili. Kitu kilichofungwa pasipo njia ya kufunguliwa hakikufumbwa, kimepotezwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipowapelekea wapinzani wake beti za mafumbo, aliwajua kuwa ni watu wa kuzifumbua na kumjibu.

Hata hivyo, haki yamtaka mhakiki akiri kwamba shule ya Ximenes si shule pekee. John Graham, aliyekuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza, alitunga katika gazeti la Guardian tangu mwaka 1958, na baadaye alijulikana kwa jina la Araucaria. Yeye hakuijali sana sheria ya neno la ziada. Aliruhusu kiashirio kilegee ikiwa sura ingependeza, na wafumbuzi wengi walimpenda kuliko waliomzidi kwa ukali. Je, mfano wake waibatilisha sheria? La. Waionyesha mahali pake. Graham aliweza kulegeza kwa sababu wasomaji wake walikwisha kumwamini kwa miaka mingi. Mtungaji mpya hana akiba hiyo, na sheria ndiyo dhamana yake.

Ushahidi wa imani hiyo ulionekana mwezi wa Januari 2013. Katika fumbo lake moja, Graham aliwaarifu wasomaji wa Guardian kwamba Araucaria alikuwa na ugonjwa, lakini jina la ugonjwa aliliacha katika nambari za mraba. Waliotaka kulijua walipaswa kujaza vyumba kimoja kimoja, hata neno la saratani likasimama mbele yao kwa mwandiko wao wenyewe, na baada yake jina la umio, na jina la matibabu ya kutuliza maumivu. Alifariki mwezi wa Novemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 92. Habari hiyo ingaliweza kutolewa kwa tangazo la mistari miwili. Aliifumba, na hakuna aliyesema kwamba alidanganya, kwa maana kila neno aliloliandika lilikuwa kweli na kila njia aliyoichora ilifika.