Bwana, Pori na Mahame: Uhakiki wa Matumizi ya Nyaraka za Familia katika Riwaya ya Heren van de thee

Makala hii inahakiki riwaya ya Heren van de thee ya mwandishi wa Uholanzi Hella S. Haasse (1918–2011), iliyochapishwa mwaka 1992 na kutolewa kwa Kiingereza mwaka 2010. Haasse alizaliwa Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, na riwaya yake inafuata maisha ya Rudolf Eduard Kerkhoven (1848–1918), kijana aliyesomea Delft kisha akavuka bahari kwenda Java kulima chai. Shamba lake, Gamboeng, lilikuwa katika nyanda za juu za Priangan, kusini mwa Bandung. Hakuwa peke yake. Baba yake alikuwa na shamba la Ardjasari, jamaa yake Eduard Julius alikuwa Sinagar, Karel Frederik Holle alikuwa Waspada, na baadaye K.A.R. Bosscha, ambaye jina lake linabebwa na kituo cha kutazamia nyota cha Lembang, alisimamia Malabar. Ukoo mmoja ulitapakaa milima mizima, na kila tawi liliandika barua kwa tawi jingine.

Barua hizo ndizo chimbuko la riwaya. Haasse alipewa barua na hati nyingine na wazao wa familia pamoja na taasisi inayohifadhi nyaraka za chai na za koo za Waholanzi waliokuwa Indonesia. Katika maelezo yake anasema kwamba kitabu hiki ni riwaya lakini si hadithi ya kubuni: mambo yaliyomo hakuyatunga, bali aliyachagua na kuyapanga kwa kadiri ya mahitaji ya riwaya. Wahakiki wengi wamelipokea tamko hilo kama unyenyekevu wa mwandishi mbele ya ushahidi. Mimi nalisoma kama dai, tena dai kubwa. Linakopa mamlaka ya hifadhi ya nyaraka na kuyakabidhi masimulizi, bila kueleza kwamba hifadhi yenyewe tayari ilikwisha kuchagua.

Nyaraka za familia hazijikusanyi zenyewe. Barua inayohifadhiwa ni ile iliyopata mpokeaji mwenye sanduku, nyumba ya kudumu na warithi wenye sababu ya kuitunza. Kwa ukoo wa Kerkhoven sababu ilikuwepo: barua zilikuwa pia kumbukumbu za fedha. Mikopo, hisa, malalamiko ya Rudolf kwamba ndugu na shemeji walipendelewa kuliko yeye, yote yamo humo kwa sababu yaliwahusu wenye mali. Kibarua aliyechuma chai hakuwa na sehemu katika mgawanyo huo, kwa hiyo hakuwa na sehemu katika sanduku. Haasse ni mwandishi makini mno kuweza kulaumiwa kwa uzembe, na pale alipo na karatasi mkononi anaona mbali. Sehemu inayohusu miaka ya 1879 hadi 1907 inamfuata Jenny Roosegaarde Bisschop, mke wa Rudolf, hadi mwaka wa kifo chake. Uchungu wa mwanamke aliyefungwa shambani na mume asiyetulia unasomeka hapo vizuri kuliko katika historia yoyote ya kilimo. Lakini Jenny aliandika barua. Usikivu wa mwandishi unakomea karatasi zinapokomea.

Jenny huyo alikuwa mzao wa Herman Willem Daendels, Gavana Mkuu wa 1808 hadi 1811, aliyeamuru kujengwa kwa barabara kuu ya Java kutoka Anyer hadi Panarukan, yapata kilomita 1,000. Katika kumbukumbu ya Waindonesia, Daendels ni jina la kazi ya shuruti na maiti za kando ya njia. Katika kumbukumbu ya familia ni babu mwenye cheo. Jina ni lile lile na mtu ni yule yule, na nyaraka za ukoo zinatupa upande mmoja tu wa jina hilo.

Niseme sasa kama mtafiti wa lugha, kwa kuwa hoja yangu kuu iko huko. Riwaya haijatafsiriwa kwa Kiswahili, na mtu anayejaribu kuitafsiri, hata kichwani tu, anagundua mambo ambayo msomaji wa Kiholanzi hupita bila kuyaona. Tuanze na anwani. Neno heren la Kiholanzi hubeba maana mbili: watu waungwana, na wenye mamlaka juu ya wengine. Mfasiri wa Kiingereza alichagua neno la makabaila, maana ya uungwana wa kawaida ikafifia. Kiswahili kina "bwana", nalo linabeba zote mbili bila kuchujwa. Tunamwita mtu Bwana Fulani kwa adabu. Tena tunasema bwana na mtwana. Anwani ya Mabwana wa Chai ingekuwa sahihi kuliko ya Kiingereza, na ingefanya jambo ambalo ile ya Kiholanzi haikulikusudia, maana msomaji wetu akisikia bwana humtafuta mtwana. Atafungua kurasa nyingi kabla ya kumpata, na akimpata atakuwa akihudumu mezani au amesimama akisubiri amri.

Neno la pili ni zito zaidi. Haasse ameipa sehemu inayohusu miaka ya 1873 hadi 1876 jina la De ontginning, yaani kuifanya ardhi isiyolimwa ianze kuzaa. Kwa haraka mfasiri ataandika "kufyeka pori". Ila riwaya yenyewe inatuambia kwamba Gamboeng ilikuwa shamba la zamani la kahawa la serikali, lililoachwa likamezwa na msitu. Priangan ililimishwa kahawa kwa shuruti tangu mwanzo wa karne ya 18, na wakulima walilazimika kuitoa kwa watawala kwa bei iliyopangwa na watawala. Mahali palipowahi kulimwa au kukaliwa na watu kisha pakaachwa, Kiswahili hakipaiti pori. Kinapaita mahame. Pori halina historia, lakini mahame yanamfanya msikilizaji aulize nani alihama, lini na kwa nini. Neno hili moja likiwekwa penye kichwa cha sehemu, picha ya kijana shujaa aliyeingia nyikani mwaka 1873 inabadilika: anaonekana akiingia kwenye masalia ya shuruti iliyotangulia, mkononi ana hati ya ukodishaji chini ya sheria ya ardhi ya 1870, ambayo iliwezesha kampuni na watu binafsi kukodi ardhi kwa muda wa hadi miaka 75. Kanuni iliyoambatana na sheria hiyo ilihesabu ardhi isiyothibitishwa umiliki wake kuwa mali ya serikali. Ni dhahiri kwamba ardhi iliyohamwa haina wa kuja na uthibitisho.

Utetezi unaotolewa mara kwa mara ni kwamba mwandishi afanyeje, na wenyeji hawakuacha maandishi? Kwa Priangan utetezi huu haufai kabisa. Holle, jamaa wa karibu wa mhusika mkuu, alikuwa mtaalamu wa Kisunda na rafiki wa Raden Haji Muhamad Musa, afisa wa dini wa Limbangan aliyetunga Wawacan Panji Wulung. Binti wa Musa, Raden Ayu Lasminingrat, alichapisha maandishi ya Kisunda katika miaka ya 1870, muongo ule ule ambao Rudolf alikuwa akipanda michai yake ya mwanzo. Kwa hiyo palikuwa na mwanamke Msunda aliyeandika katika jimbo lile lile, akisomwa na watu waliofahamiana na familia ya Kerkhoven. Sidai kwamba Lasminingrat, binti wa mkubwa, angesema kwa niaba ya wachumaji wa chai. Ninachodai ni kwamba pengo la riwaya limetokana na uamuzi wa kukaa ndani ya sanduku moja, kwa kuwa maandishi yalikuwepo nje yake. Tena Kisunda kina daraja za usemi: namna kibarua anavyomjibu mwenye shamba imetofautiana kimsamiati na namna anavyozungumza na mwenziwe. Katika barua za Kiholanzi daraja hizo zote zinalainishwa kuwa sentensi moja. Uhusiano wa bwana na mtwana uliokuwa ndani ya sarufi umefutwa na mwandishi wa barua, na riwaya haikuweza kuurudisha.

Wasomaji wa mijadala hii watauliza jambo hili linatuhusu vipi. Uhusiano upo, na si wa mfano tu. Kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kwa kufuata mfano wa bustani ya mimea ya Buitenzorg, ambayo leo ni Bogor, hapo hapo Java Magharibi. Utaalamu wa mashamba makubwa ulisafiri, na pamoja nao desturi za kuandika na kuhifadhi. Karatasi za familia za walowezi wa eneo letu zimetawanyika kwa namna hiyo hiyo: nyingine zimo katika maktaba za Ulaya, nyingine bado zimo majumbani, na huorodheshwa kwa jina la ukoo ulioziandika. Mtafiti anayetafuta jina la mto, kijiji au nyapara hana mlango wa kuingilia.

Hapa ndipo washauri wa sera wanapoweza kufanya kazi ambayo mhakiki hawezi. Mikataba ya kupokea nakala za kidijitali kutoka ng'ambo kwa kawaida hupigania idadi ya kurasa. Ingepaswa kupigania orodha: kila mkusanyo wa familia uelezwe upya kwa majina ya mahali yanayotumiwa na wenyeji, na daftari za mishahara zipewe uzito sawa na barua, maana mara nyingi ndimo pekee majina ya vibarua yalimobaki, hata kama yameandikwa vibaya. Kazi hiyo inahitaji wanaisimu, na bajeti za miradi ya nyaraka ninazozifahamu huwa hazina kasma yao.

Kuhusu riwaya yenyewe, napendekeza itafsiriwe. Ni kazi bora, na makosa yake yanafundisha kuliko usahihi wa vitabu vingi. Itafsiriwe moja kwa moja kutoka Kiholanzi, na katika mkataba wa tafsiri alipwe pia msomaji wa Kisunda atakayepitia majina, vyeo na maneno ya shambani kabla kitabu hakijaenda mtamboni. Na mfasiri atakapofika mwaka 1873 aandike mahame.