Ngome Kubwa, Watu Wadogo

Ukitazama michoro ya zamani ya ngome za Scotland, kitu kilichochongwa kwa uangalifu zaidi ni jiwe. Watu nao wapo, ila wadogo kama siafu, wamewekwa chini pembeni ili ujue ukuta una urefu gani. Mimi nawaita watu wa rula. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, nadhani picha za namna hiyo mnazijua: hema kubwa, nembo kubwa, na mtoto mmoja amesimama kando.

Kwanza sifa, maana kazi yenyewe si mchezo. Fundi anachukua bamba la shaba, anachonga mistari kwa chuma chenye ncha, tena kinyumenyume, kwa kuwa karatasi itageuza kulia kuwa kushoto. Anapaka wino, anafuta juu, wino unabaki kwenye mifereji tu. Halafu karatasi yenye unyevu inabanwa kwa mashine. Vijana wangu wa darasa la kuchora walipoambiwa kwamba mawingu yale ni mistari mitupu, walibisha kabisa.

Ninayempenda zaidi ni John Slezer. Alitoka bara Ulaya, akafika Scotland kama mgeni, akawa mhandisi wa jeshi, na mwaka 1693 akatoa kitabu chake, Theatrum Scotiae. Anachora kama askari: ngome ya Stirling anaiweka juu ya mwamba wake, mashamba chini, na unaelewa mara moja kwa nini anayeishika ngome ile ameishika njia. Hapambi sana. Kitabu hakikumtajirisha. Alikufa 1717 akiishi Holyrood, Edinburgh, eneo ambalo mwenye deni alikuwa hakamatwi. Mchoraji wa ngome naye akaishia kwenye hifadhi, bwana!

Tatizo langu ni William Daniell. Huyu alizunguka pwani yote ya kisiwa cha Britania, akatoa picha 308 kati ya 1814 na 1825. Yeye aliacha asidi ile shaba, ndiyo maana vivuli vyake ni laini kama rangi ya maji. Ni nzuri, sikatai. Lakini tazama ile ya Dunrobin, kasri la familia ya Sutherland karibu na bahari. Imetulia kabisa. Sasa miaka hiyohiyo, 1814 na tena 1819, watu wa bonde la Strathnaver walikuwa wanafukuzwa kwenye ardhi ya wenye kasri hilo, nyumba zinachomwa, ili kondoo wapate malisho. Wengi walisukumwa ufukweni wakaanze upya na kuvua samaki. Kutoka Sutherland hiyohiyo wengine walivuka bahari mpaka Kanada. Hawa hawakupewa hata nafasi ya kuwa rula.

Mtu ataniambia Strathnaver iko mbali na kasri, Daniell alichora alichokiona. Sawa. Ila mahali pa kusimama alichagua mwenyewe. Na wauzaji wa leo wanachana vitabu vya namna hii, wanauza kurasa mojamoja kwenye fremu, picha peke yake bila maelezo yoyote.

Ukutani kituoni kwetu kuna nafasi ya picha 2. Stirling ya Slezer iwekwe kama ilivyo. Dunrobin nayo iwekwe, tusiifiche, ila kando yake ibandikwe karatasi yenye neno Strathnaver na ile miaka miwili, kwa herufi zinazosomeka kutoka mlangoni.